Maji Kifuani na Maambukizi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuchukua Sampuli

Ukurasa huu umeandikwa kwa wagonjwa na ndugu wanaowauguza, na pia kwa wahudumu wa afya ambao ndio kwanza wanaanza kushika sindano. Maswali ya juu ni yale tunayoulizwa kando ya kitanda. Ukishuka chini utakuta ya wodini na ya maabara. Hayachukui nafasi ya daktari anayemwona mgonjwa wako.

Wametuambia mgonjwa wetu "ana maji kwenye mapafu". Yameingia ndani ya pafu?

Mara nyingi hapana. Pafu limefunikwa na utando mwembamba, na ukuta wa kifua kwa ndani nao umefunikwa na utando kama huo. Tando hizi mbili hugusana kama mifuko miwili ya nailoni iliyolowa, zikiteleza kila mtu anapovuta pumzi. Kati yake huwa kuna majimaji kidogo sana ya kulainisha, mililita 10 hadi 20 hivi kwa mtu mzima. Tatizo ni pale majimaji hayo yanapofika nusu lita, lita moja, au zaidi. Pafu linakuwa halijajaa maji, bali limebanwa kutoka nje. Ndiyo maana mgonjwa anahema juu juu na kushindwa kulalia upande mmoja. Ndiyo maana pia vidonge vya kukojoza, vinavyomsaidia mwenye moyo uliochoka, havimsaidii mwenye usaha kifuani.

Maambukizi yanafikaje huko?

Njia inayojulikana zaidi ni nimonia. Pafu lililowaka moto huvujisha majimaji ambayo mwanzoni ni masafi, hayana bakteria. Yasipotibiwa, bakteria huvuka na kuingia. Mwili hujibu kwa kutengeneza nyuzi za protini, nafasi inagawanyika vyumba vyumba, na mwishowe unabaki usaha mzito na gamba linaloufunga pafu lisitanuke. Haya yote yanaweza kutokea ndani ya siku chache.

Lakini wapo wasio na nimonia kabisa. Bakteria wa mdomoni wanaokaa kwenye meno na fizi mbovu ni chanzo kikubwa, hasa kwa mtu anayelewa sana au aliyepata kifafa akapaliwa. Wapo waliochomwa kisu, waliopasuliwa kifua, na wenye jipu la ini lililopasukia juu. Halafu ipo TB, ambayo kwa Afrika Mashariki lazima ifikiriwe kwa kila mwenye maji upande mmoja. TB ina tabia zake, nitaieleza peke yake.

Si ugonjwa wa kupuuza. Utafiti uitwao PILOT, uliochapishwa mwaka 2020 na kufuatilia wagonjwa zaidi ya 500 wenye maambukizi ya nafasi hii, ulikuta takriban mmoja kati ya 10 alifariki ndani ya miezi mitatu.

Eksirei imeshaonyesha maji. Kwa nini bado mnataka kumchoma?

Kwa sababu picha inasema maji yapo, haisemi ni ya nini. Maji ya moyo, ya ini, ya saratani, ya TB na usaha wa nimonia yote hutoa kivuli cheupe kilekile. Mwaka 1972 Richard Light na wenzake huko Baltimore, Marekani, walionyesha kuwa ukilinganisha protini na kimeng'enya cha LDH cha maji hayo na vile vilivyo kwenye damu, unaweza kutenganisha maji yanayovuja kwa sababu ya shinikizo (moyo, ini, figo) na yale yanayotoka kwa sababu utando wenyewe unaumwa. Vigezo vyake vinatumika hadi leo, na havihitaji mashine za ajabu. Kinachosahaulika mara nyingi ni kuchukua damu ya mgonjwa siku hiyohiyo, na bila damu hakuna cha kulinganisha.

Baada ya hapo yanabaki maswali mawili mazito zaidi. Je, maji haya yanahitaji kuwekewa mpira yatoke yote, au dawa zitatosha? Na ni kimelea gani hasa, ili tumpe dawa inayomuua huyo badala ya kubahatisha? Majibu yote mawili yamo ndani ya maji.

Mtaani wanasema mtu akishatolewa maji hafiki mbali. Ni kweli?

Hofu hii huchanganya mambo mawili. Kwanza kuna kipimo cha maji ya uti wa mgongo, ambacho ni kipimo kingine kabisa na sindano yake inaingia mahali pengine. Pili, wagonjwa wengi huletwa wakiwa wamechelewa, na anayefariki baada ya kuchomwa mara nyingi anakuwa ameuawa na ugonjwa uliokaa wiki tatu nyumbani.

Hatari za kweli zipo na unastahili kuambiwa: maumivu, kutokwa damu, sindano kugusa pafu na hewa kuvuja, na mara chache sana kuchoma ini au wengu. Hupungua mno mchomaji akiongozwa na ultrasaundi. Kama mgonjwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mfano wafarini, semeni kabla ya sindano kuandaliwa. Na maji yakitolewa kwa ajili ya kumpunguzia pumzi, kwa kawaida tunaishia lita moja na nusu kwa mkupuo, kwa sababu pafu lililobanwa siku nyingi likitanuka ghafla linaweza lenyewe kujaa majimaji.

Sindano inaingilia wapi?

Kwa ubavuni au kwa nyuma, mgonjwa akiwa ameketi na kuegemea mto au meza. Hupitishwa juu ya ukingo wa juu wa ubavu, kwa kuwa mishipa ya damu na ya fahamu inapita chini ya kila ubavu. Hatuchomi karibu na uti wa mgongo, maana huko mshipa wa damu unakuwa bado uko katikati ya nafasi.

Zamani daktari aligonga kifua kwa vidole, akasikiliza panapodunda kama ukuta, akachoma. Ustadi huo una heshima yake na mwanafunzi asiuache. Lakini ultrasaundi inaona mambo matatu ambayo vidole havioni: kina cha maji, mahali kiwambo cha tumbo kinapopanda na kushuka, na vile vyumba vilivyogawanywa na nyuzi. Hili la tatu ni muhimu kwa sampuli yenyewe. Chumba kimoja kinaweza kuwa na maji ya njano masafi na cha jirani kikawa na usaha mtupu. Ukichoma cha kwanza utapata majibu mazuri ya mgonjwa anayezidiwa.

Eksirei ya kusimama huhitaji takriban mililita 200 kabla ya pembe ya pafu kuanza kufutika. Ultrasaundi inaona kiasi kidogo kuliko hicho. Kina kikiwa chini ya sentimita moja, kwa kawaida tunatibu na kupima tena badala ya kuchoma.

Jambo moja ambalo halipendezi kulisema: kuweka alama ya kalamu chumba cha ultrasaundi kisha mgonjwa akarudishwa wodini kuchomwa saa tatu baadaye si kuongozwa na ultrasaundi. Ameshageuka, maji yameshahama. Mashine na sindano vinatakiwa viwe mahali pamoja, kwa wakati mmoja.

Mnachukua kiasi gani?

Bomba la mililita 50 likijaa, tunashukuru. Mililita tano zilizotiwa kwenye kichupa kimoja na kuandikwa "vipimo vyote" ndiyo njia ya haraka ya kukosa majibu yote. Kukiwa na shaka ya saratani, peke yake inataka mililita 25 hadi 50. Usaha mzito usipopita kwenye sindano nyembamba, badilisha sindano, usiseme "hakuna maji".

Yanagawanywaje?

Hapa ndipo sampuli nyingi zinapoharibikia, na mahali hapa hapahitaji pesa nyingi, panahitaji mpangilio tu. Vyombo viwe vimepangwa na kuandikwa jina la mgonjwa kabla ya kuchoma, kwa sababu ukishika bomba lililojaa mkononi huna tena mkono wa kutafutia chupa.

Mililita tano hadi 10 huenda kwenye kila chupa ya kuoteshea damu, ile ya bakteria wanaohitaji hewa na ile ya wasioitaka. Hizi hujazwa palepale kitandani. Kichupa kikavu, safi, kinachukua mililita tano za kutazamwa kwa darubini kwa rangi ya Gram, ile inayowafanya bakteria waonekane. Kingine ni cha protini na LDH. Sukari inataka kichupa chenye kizibo cha kijivu, la sivyo chembe hai zilizomo zinaendelea kuila sukari hiyo njiani na jibu linashuka kwa uongo. Chembe huhesabiwa kwenye kichupa cha kizibo cha zambarau kinachozuia kuganda. Cha TB kiwe peke yake. Kama kuna mashine ya gesi za damu, kibomba kidogo chenye heparini, dawa ya kuzuia kuganda, kinatengwa kwa ajili ya pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi.

Chupa za damu kwa maji ya kifuani? Si ni za damu?

Ni za damu kwa jina, na lilikuwa jambo la kushangaza hadi lilipopimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa 53 wenye maambukizi haya. Sampuli zilizopelekwa kwa kichupa cha kawaida peke yake zilimtambua kimelea kwa wagonjwa 20, sawa na asilimia 37.7. Walipoongeza chupa za kuoteshea damu zilizojazwa kitandani, waliotambuliwa walifika 31, asilimia 58.5. Ni mgonjwa yuleyule na maji yaleyale, kilichobadilika ni chombo.

Sababu inaeleweka. Bakteria wengi wa kifuani ni wale wa mdomoni wasiovumilia hewa. Katika kichupa cha kawaida, kinachosubiri mhudumu wa kukipeleka maabara hadi baada ya chai, wanakufa. Chupa ya kuoteshea ina chakula tayari, na baadhi zina vitu vinavyonasa mabaki ya dawa alizokwisha kunywa mgonjwa.

Tahadhari chache. Futa kizibo cha mpira kwa spiriti na ukiache kikauke, vinginevyo utaotesha bakteria wa vumbi na wa ngozi yako. Anza na chupa ya wasiopenda hewa, na usiisukumie mapovu. Usiziweke kwenye friji kamwe. Na chupa hizi ni za kuongezea, hazichukui nafasi ya kichupa kikavu, kwa kuwa maabara haiwezi kukupa jibu la darubini la siku hiyohiyo kutoka kwenye chupa yenye mchuzi wa kuoteshea.

Majibu yamekuja: "hakuna kilichoota". Basi hana maambukizi?

La. Kati ya sentensi zote katika ukurasa huu, ningependa hii ndiyo ibaki kichwani. Kwa njia ya kawaida, zaidi ya nusu ya wagonjwa wenye maambukizi ya hakika hawaotishi chochote. Mtu ana usaha unaoonekana kwa macho, na karatasi ya maabara inasema hakuna. Macho ndiyo yako sahihi.

Sababu ya kwanza ni dawa. Kabla ya kufika hospitali mgonjwa ameshanunua kapsuli duka la dawa, ameshachomwa sindano zahanati, pengine amerudia mara mbili. Bakteria waliopigwa nusu hawaoti, ila hawajaisha. Sababu ya pili ni wale wasiopenda hewa niliokwisha wataja. Ya tatu ni kwamba bakteria wengine hawaelei, wamejishikiza kwenye utando wenyewe na kwenye zile nyuzi. Ya nne ni ganzi. Dawa ya ganzi ina asidi na pia hudhoofisha bakteria, kwa hiyo anayechomea ganzi na kuvutia sampuli kwa bomba lilelile anaharibu vitu viwili kwa pamoja, kuotesha na pH.

Harufu pia ni kipimo. Usaha unaonuka uvundo umeshakuambia kuna bakteria wasiopenda hewa, hata kama hawataota kamwe. Andika harufu kwenye faili.

Tusubiri sampuli kwanza ndipo tuanze dawa?

Ikiwezekana sampuli itangulie, na damu ya kuotesha itangulie pia. Takriban mgonjwa mmoja katika 10 bakteria wake wanapatikana kwenye damu, na wakati mwingine hapo ndipo pekee wanapoonekana. Lakini mgonjwa anayetetemeka, shinikizo la damu limeshuka, hasubirishwi sindano ya dawa kwa sababu mtu wa ultrasaundi yuko likizo. Mpe dawa. Sampuli ya saa mbili baada ya dozi ya kwanza bado ina thamani kubwa kuliko ya siku ya tano.

Hii pH mnayoihangaikia ni ya nini?

Bakteria na chembe za kinga zikipigana kwenye nafasi iliyofungwa hula sukari na kutoa asidi. Kwa mgonjwa mwenye dalili za maambukizi, pH ikiwa 7.2 au chini yake ni ishara kwamba dawa peke yake huenda zisitoshe, awekewe mpira. Ikiwa kati ya 7.2 na 7.4, LDH inasaidia kuamua: ikipita uniti 900 kwa lita tunaegemea upande wa mpira. Pasipo pH, sukari chini ya milimoli 3.3 kwa lita inafanya kazi inayokaribiana.

Ila pH ni kipimo chenye hasira. Hewa ikibaki ndani ya bomba, inapanda. Tone la ganzi likibaki, inashuka. Ikicheleweshwa, inapotoka. Itolewe hewa yote, ifungwe kifuniko, ifike kwenye mashine ndani ya saa moja. Karatasi za kubadilika rangi hazifai kabisa kwa kazi hii. Na usaha wa wazi usiingizwe kwenye mashine ya gesi za damu, utaiziba bure, maana usaha ukishauona huhitaji namba ya kukuambia uweke mpira.

Kumbuka pia kwamba pH ya chini si mali ya bakteria peke yao. TB, saratani, baridi yabisi na koo la chakula lililotoboka vyote vinaweza kuishusha. Namba inasomwa pamoja na mgonjwa.

Mpira umeshawekwa. Si tuchote tu kwenye chupa au mfuko wake?

Hapana. Yaliyokaa kwenye mfuko sakafuni tangu asubuhi yana bakteria wa wodini, sukari imeisha, chembe zimekufa. Hata mpira wenyewe ukikaa siku kadhaa hushikwa na bakteria wasiohusika, na matokeo yake mgonjwa anapewa dawa kali ya kimelea wa plastiki. Sampuli nzuri ya mpira ni ile inayochukuliwa dakika ileile unapowekwa. Ukihitaji nyingine baadaye, choma upya sehemu safi.

Je, kama ni TB?

TB ya utando wa pafu huwachanganya hata wazoefu, kwa kuwa vimelea vyenyewe ni vichache. Maji mengi yanatokana na hasira ya mwili dhidi ya vimelea hao wachache. Kwa hiyo darubini ya maji karibu kila mara haioni kitu.

GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya TB, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwishoni mwa mwaka 2010 na imebadilisha sana upimaji wa makohozi kwetu, kwenye maji ya kifuani haina nguvu ileile. Ikilinganishwa na kuotesha inawapata karibu nusu tu, na pungufu zaidi ikilinganishwa na kipimo cha kinyama, nitakachokieleza hapo chini. Ikisema ipo, amini na anza matibabu. Ikisema haipo, hujathibitisha chochote. Nimeona neno "negative" likifunga mjadala wodini mahali ambapo mjadala ulipaswa kuanza.

Yapo mambo yanayosaidia. ADA ni kimeng'enya cha chembe za kinga, na ikizidi uniti 40 kwa lita kwenye maji ambayo chembe zake nyingi ni limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za kinga), katika nchi yenye TB nyingi, uwezekano ni mkubwa vya kutosha kuanza dawa. Lakini usaha wa bakteria nao hupandisha ADA, kwa hiyo ADA isiyo na hesabu ya chembe inapotosha. Katika siku za mwanzo kabisa, hata TB inaweza kuonyesha nyutrofili, chembe nyeupe za aina nyingine, na hapo kupima tena baada ya siku chache husaidia.

Omba makohozi pia, hata kama picha ya pafu lenyewe ni safi na mgonjwa anasema hakohoi. Akivutishwa mvuke wa maji ya chumvi anaweza kuyatoa, na mara nyingi kuliko unavyodhani yanaota. Mwenye VVU apimwe na mkojo kwa kipimo cha LAM, kinachotafuta mabaki ya vimelea vya TB. Kwa mwenye VVU vimelea huwa wengi zaidi kwenye maji, hivyo usikate tamaa mapema.

Kipimo cha kinyama ni cha nini tena?

Ni kukata kipande kidogo cha utando kwa sindano maalumu au kwa kamera ya kifuani. Kwa TB ndicho kinachoongoza, ukikiangalia kwa darubini na kukiotesha kwa pamoja. Kwa bakteria wa kawaida, utafiti mdogo wa Uingereza uitwao AUDIO, uliochapishwa mwaka 2018, ulichukua vinyama kwa wagonjwa 20 wakati wa kuwekewa mpira: vinyama viliotesha kwa asilimia 45, maji kwa asilimia 20, damu kwa asilimia 10. Wagonjwa 20 ni wachache, lakini ule mwelekeo unaingia akilini kwa mtu anayejua bakteria wanajificha wapi. Kipande kimoja kiende kwenye fomalini, kingine kwenye maji ya chumvi. Kilichotumbukizwa kwenye fomalini hakioti tena chochote.

Kuna njia za vinasaba kwa bakteria wa kawaida?

Zipo, ila bado ni za utafiti zaidi kuliko wodi. Utafiti wa TORPIDS ulisoma vinasaba kwenye sampuli 243 na kukuta asilimia 79 zilikuwa na bakteria wa aina zaidi ya moja. Hilo lina maana hata kwa asiye na mashine hiyo. Ukioteshewa bakteria mmoja, usidhani yuko peke yake, na usiharakishe kuondoa dawa inayoua wasiopenda hewa.

Mtoto naye anachomwa hivihivi?

Kwa mtoto tunajitahidi achomwe mara moja tu. Kama ni wazi kuwa maji ni ya nimonia na anahitaji mpira, sampuli huchukuliwa wakati huohuo wa kuweka mpira, akiwa amelazwa usingizi au ametulizwa vizuri. Vimelea wakuu kwake ni nyumokokasi na Stafilokokasi. Chanjo ya nyumokokasi, ambayo Kenya iliianza mwaka 2011 na Tanzania muda mfupi baadaye, imepunguza nimonia kali lakini haikuifuta, kwa hiyo kadi ya chanjo iliyojaa isimfanye mtu aache kumpima.

Hospitali yetu ya wilaya haina chupa za kuoteshea wala mashine ya gesi. Tunafanyaje?

Mnafanya mengi. Macho na pua hazihitaji bajeti: rangi, uzito, harufu. Rangi ya Gram inapatikana karibu kila maabara yenye darubini. Protini na sukari pia. Mashine ya ultrasaundi ya wodi ya wazazi inaona maji ya kifuani vizuri tu, na kujifunza kuyaona hakuchukui muda mrefu. Kituo kisicho na ultrasaundi kabisa kisichome maji machache, kimpe mgonjwa rufaa. Na kama chupa za kuoteshea ziko maabara lakini "ni za damu tu", hilo ni la kuzungumza na mkuu wa maabara kabla mgonjwa hajafika, maana maabara isiyotarajia chupa hiyo inaweza kuikataa dirishani.

Fomu nayo iandikwe kama barua kwa mtu mwenye akili: maji ya kifuani upande wa kulia, homa wiki mbili, dawa gani amekunywa na lini, VVU ndiyo au hapana, unatafuta nini. "Pleural fluid, please test" haimwambii mtaalamu wa maabara kitu chochote.

Ameanza dawa, siku ya tatu homa iko palepale. Tuchome tena?

Kwanza angalia kwa ultrasaundi. Mara nyingi kosa haliko kwenye dawa. Kuna chumba kilichobaki na usaha, au mpira umeziba au umejikunja. Kikionekana chumba kipya, hicho ndicho cha kuchoma, na sampuli yake iende upya kwenye vyombo vyote. Mpira ukiwa mahali pake na mgonjwa haboreki, mpigieni daktari wa upasuaji wa kifua mapema, kabla gamba halijakaza.

Majibu yanachukua muda gani?

Rangi ya Gram, protini, sukari na chembe: siku hiyohiyo, kama kuna mtu zamu. GeneXpert yenyewe hufanya kazi chini ya saa mbili, kilichobaki ni foleni. Chupa za kuoteshea mara nyingi hutoa ishara ndani ya siku moja au mbili, na hutunzwa hadi siku tano. Baada ya hapo inaongezeka siku moja au mbili ya kujua dawa zipi zinamuua. Kuotesha TB kunaweza kufika wiki sita hadi nane, wakati mgonjwa ameshatoka na pengine ameshahama mji. Kwa hiyo kwenye fomu iandikwe namba ya simu inayopokelewa, na ya ndugu mmoja pia, na siku ya kutoka hospitali muulizeni muuguzi ni majibu gani bado hayajarudi.